Soko Hufuata Kazi: Funzo la Lebo ya Hyperion

Utangulizi

Katika makongamano ya Kiswahili kuna kauli moja isiyokosa kutolewa. Pendekezo likija kwamba tenzi za kale zirekodiwe zikighaniwa na mabingwa, au kwamba diwani iliyoadimika madukani ichapishwe upya, haupiti muda kabla ya mjumbe mmoja kusimama na kusema kuwa kazi ya aina hiyo haina soko. Kauli hiyo hutolewa kwa sauti ya mtu mzima aliyeona mengi, na aghalabu mjadala hufia hapo. Anayeendelea kupendekeza huonekana kama kijana asiyejua bei ya karatasi.

Makala haya yanaipinga kauli hiyo. Yanashikilia kwamba soko la kazi ya sanaa haliwezi kupimwa kabla ya kazi yenyewe kuwako, kwa kuwa mtu hawezi kutamani asichowahi kukisikia. Ushahidi wake haukutolewa Lamu wala Mombasa. Umetolewa London, katika uwanja wa muziki wa klasiki wa Ulaya, ambako mwaka 1980 mtu mmoja asiyekuwa na mtaji wa kutajika alianzisha lebo ya kurekodi muziki na kuiita Hyperion.

Mfano huu wa mbali umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, tatizo alilolikabili mtu huyo linafanana na lile linalowakabili wapenzi wa fasihi ya kale ya Kiswahili: kazi za karne zilizopita, miswada iliyotawanyika maktabani, na wasikilizaji wachache wasiojuana. Pili, kisa chenyewe si hadithi ya ushindi mtupu. Ndani yake mna kosa, mna kesi mahakamani, na mwishoni mna mauzo. Asemaye kuwa soko hufuata kazi hana budi kuyaeleza hayo yote.

Mtu na Uamuzi Wake

George Edward Perry, aliyejulikana na wote kwa jina la Ted, alizaliwa mwaka 1931 katika mji wa Derby nchini Uingereza. Hakuwa mpiga ala wala profesa wa muziki. Sehemu kubwa ya maisha yake aliipitisha upande wa biashara ya santuri: aliuza santuri dukani London, akafanya kazi katika kampuni ya santuri nchini Australia, kisha akarudi Uingereza na kuajiriwa na Saga, lebo iliyojulikana kwa santuri za bei nafuu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alishiriki kuiasisi lebo ndogo ya Meridian. Mwaka 1980 aliondoka na kuanza peke yake. Jina alilolichagua alilitoa katika visasili vya Kiyunani, ambamo Hyperion ni baba wa jua.

Jina lilikuwa kubwa kuliko mfuko. Kurekodi santuri moja kulihitaji ukumbi au kanisa lenye mwangwi unaofaa, wanamuziki wa kulipwa, fundi wa mitambo, kanda, kiwanda cha kukandia santuri, mchapishaji wa majalada, na msambazaji wa kuzifikisha madukani. Gharama hizo zote hulipwa kwanza; mapato hurudi baadaye, kidogo kidogo, na pengine yasirudi kabisa. Perry aliwahi kuuza aiskrimu kwenye gari, na ili lebo yake changa isife aliendesha teksi mitaani London. Katika habari za Hyperion hakuna jambo linalosimuliwa mara nyingi kama hili la teksi, na kuna hatari ya kulifanya kitumbuizo tu. Maana yake ni kubwa zaidi. Fedha za teksi zilikuwa chache, lakini hazikuwa na mwenyewe mwingine. Hakukuwa na kamati ya kumuuliza Perry kwa nini anarekodi hiki asirekodi kile.

Uhuru huo ndio uliokuwa mtaji wake. Wakati huo uwanja ulikuwa umeshikwa na kampuni kubwa: EMI, Decca, Deutsche Grammophon na Philips. Kampuni hizo zilikuwa na mikataba na okestra mashuhuri na waongozaji wenye majina, nazo zilishindana kurekodi kazi zilezile zilizokwisha kurekodiwa mara nyingi, hasa simfoni za Beethoven, Brahms na Tchaikovsky. Mtu wa teksi asingeweza kuingia katika mbio hizo. Alichoweza kufanya ni kuyaokota yaliyoachwa njiani. Miongoni mwa rekodi zake za mwanzo ni zile ambamo Thea King alipiga klarineti katika kazi za watunzi wa Uingereza kama Gerald Finzi na Charles Villiers Stanford, kazi ambazo wakubwa hawakuona haja ya kuzishughulikia.

Ni rahisi kusema kuwa Perry alichagua yaliyoachwa kwa sababu ya umaskini. Hilo ni kweli kwa nusu. Maskini wengi huiga matajiri kwa kiasi wanachoweza, wakatoa nakala hafifu ya kile kilichokwisha kufanywa vyema. Perry hakuiga. Alirekodi muziki ambao yeye mwenyewe, akiwa mnunuzi wa santuri wa miaka mingi, angependa kuusikia na hakuupata dukani.

Sauti ya Mtawa

Uamuzi uliotia fora ulihusu mtawa aliyefariki miaka mia nane kabla ya lebo hiyo kuzaliwa. Hildegard wa Bingen aliishi Ujerumani kuanzia mwaka 1098 hadi 1179. Aliongoza nyumba ya watawa karibu na mto Rhine, akaandika juu ya maono yake, juu ya mimea na tiba, na akatunga nyimbo za ibada kwa Kilatini, mashairi na mahadhi yake vyote vikiwa vyake. Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa mwaka 2012, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 jina lake lilijulikana zaidi kwa wanahistoria na wanateolojia kuliko kwa wapenzi wa muziki.

Christopher Page, msomi wa muziki na fasihi ya Zama za Kati, alikuwa ameunda kikundi kidogo cha waimbaji kiitwacho Gothic Voices. Mwezi Septemba mwaka 1981 kikundi hicho, kikiwa pamoja na mwimbaji wa sauti ya juu Emma Kirkby, kilirekodi nyimbo za Hildegard katika kanisa moja la London. Rekodi hiyo, iliyopewa jina la A Feather on the Breath of God, ilitolewa na Hyperion mwaka 1982. Haikuwa na okestra wala mwongozaji mwenye jina. Ilikuwa na sauti chache za binadamu zikiimba Kilatini, mahali pengine zikiegemea mvumo mmoja wa ala usiobadilika.

Rekodi hiyo ilinunuliwa kwa wingi kupita makadirio ya yeyote. Ilipata tuzo ya jarida la Gramophone, ambalo ndilo lililokuwa msema kweli wa wapenzi wa santuri nchini Uingereza. Iliwafikia hata watu wasiokanyaga ukumbi wa muziki wa klasiki: mwaka 1989 kikundi cha The Beloved kilichukua kipande chake na kukitia katika wimbo wa dansi, na baadaye kikundi cha Orbital kikafanya vivyo hivyo. Mapato yake yaliiwezesha lebo kusimama na kuendelea.

Hapa ndipo kauli ya soko inapopaswa kuhojiwa kwa makini. Soko la nyimbo za Hildegard lilikuwa wapi mwaka 1980? Mtafiti angezunguka London nzima na hojaji mkononi, angepata watu wachache mno waliosema kuwa wanataka santuri ya mtawa wa karne ya 12. Angerudi na takwimu sahihi na hitimisho potovu. Wanunuzi walikuwako, lakini hawakuwa wanajijua kuwa wanunuzi. Waliumbwa na rekodi yenyewe. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na methali hiyo hutumiwa mara nyingi kutetea uvivu wa wenye bidhaa nzuri. Kizuri hujiuza kikiwa kimeanikwa. Kilichofungiwa sandukuni hakijiuzi, hata kiwe dhahabu.

Wimbo na Shairi Lake

Faida inapopatikana ndipo tabia ya mtu hujulikana. Perry angeweza kuzitumia fedha za Hildegard kuajiri okestra kubwa na hatimaye kushindana na wakubwa. Badala yake alizitumia kupanua orodha ya yaliyosahauliwa, na zaidi ya hapo, kuanzisha misururu mirefu ambayo kampuni yenye wenye hisa wenye haraka isingeithubutu.

Msururu unaowahusu zaidi wasomaji wa fasihi ni ule wa nyimbo za Franz Schubert. Mtunzi huyu wa Vienna, aliyeishi miaka 31 tu, kati ya 1797 na 1828, aliacha nyimbo zaidi ya 600 za mwimbaji mmoja na piano. Mwaka 1987 mpiga piano Graham Johnson alianza kuzirekodi zote kwa ajili ya Hyperion, kila juzuu likiwa na mwimbaji au waimbaji waliochaguliwa kulingana na nyimbo zake. Juzuu la kwanza liliimbwa na Janet Baker. Kazi ilikamilika karne ya 20 ikielekea ukingoni, ikiwa na juzuu 37.

Kila juzuu liliandamana na kijitabu, na kijitabu hicho hakikuwa pambo. Kilichapisha shairi la kila wimbo kwa Kijerumani na tafsiri yake kwa Kiingereza, kisha Johnson akaeleza shairi hilo ni la nani, lilitungwa lini, na mtunzi wa muziki alilifanyia nini. Goethe na Schiller hawakuhitaji kutambulishwa. Lakini Schubert aliwatungia muziki pia washairi wengi wadogo, marafiki zake kama Johann Mayrhofer, ambao fasihi ya Kijerumani ilikuwa imewaweka pembeni. Msikilizaji aliyenunua juzuu zote 37 alijikuta ana maktaba ndogo ya ushairi wa Kijerumani, iliyofafanuliwa beti kwa beti.

Mtindo huohuo wa kumaliza kilichoanzwa ulionekana kwingine. Mpiga piano Leslie Howard alirekodi muziki wote wa piano wa Franz Liszt, kazi iliyoanza katikati ya miaka ya 1980, ikakamilika mwaka 1999, na hatimaye ikajaza CD 99. Mwaka 1991 ulianzishwa msururu wa tungo hizi za piano na okestra ziitwazo koncheto, za watunzi wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 ambao wengi wao majina yalikuwa yamefutika, nao ukapita juzuu 80. Kuna hekima ya kibiashara katika jambo hili. Aliye na juzuu la tatu na la tano hatatulia asipopata la nne. Nambari iliyochapwa ubavuni mwa jalada humgeuza mnunuzi wa siku moja kuwa mfuasi wa miaka.

Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hahitaji kuelezwa kuwa shairi na wimbo ni ndugu. Utenzi una mahadhi yake, na mashairi mengi ya waswahili wa pwani yalitungwa yakikusudiwa kuimbwa. Ajabu ni kwamba kanda nyingi zilizouzwa pwani kwa miaka mingi zilibeba jina la mwimbaji na pengine picha yake, bila jina la mshairi na bila ubeti hata mmoja uliochapishwa. Sauti ilihifadhiwa, neno likaachwa lijitafutie pa kulala.

Kesi ya Mhariri

Sifa zikiishia hapo kisa kitakuwa cha kubembeleza. Hyperion iliyojengwa juu ya heshima kwa kazi za wafu ilikuja kuteleza katika kumheshimu mtu aliye hai.

Michel-Richard de Lalande, aliyeishi kati ya 1657 na 1726, alikuwa mtunzi wa wafalme wa Ufaransa Louis wa 14 na Louis wa 15. Muziki wake hauna hakimiliki. Mwenyewe alikwisha kufa zamani. Lakini miswada yake ya kale haipigiki kama ilivyo. Inatofautiana, ina makosa ya wanakili, na mahali pengine sehemu za baadhi ya ala zimepotea. Dakta Lionel Sawkins, msomi aliyejitolea kwa kazi za Lalande kwa miaka mingi, aliandaa matoleo yanayoweza kupigwa: alilinganisha miswada, akasahihisha noti, akaongeza tarakimu zinazomwongoza mpiga kinanda juu ya sauti ya chini, na penye pengo akaziba. Hyperion ilirekodi muziki huo kwa kutumia matoleo yake, waimbaji na wapigaji wakiwa wa kikundi cha Ex Cathedra.

Sawkins alidai mrabaha akiwa mwenye hakimiliki ya matoleo hayo. Lebo ilikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba mhariri mwaminifu hurudisha alichoandika mtunzi, na kwa hiyo muziki ni wa Lalande na mhariri hana muziki wake humo. Mahakama Kuu ya Uingereza iliamua mwaka 2004 kwamba Sawkins alikuwa na haki, na mwezi Mei mwaka 2005 Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo. Majaji walisema kuwa ustadi, muda na jasho lililotiwa katika matoleo hayo vilitosha kuyafanya kuwa kazi yenye ulinzi wa sheria, na kwamba Sawkins alistahili pia kutajwa ipasavyo. Fedha alizodai hazikuwa nyingi. Gharama za mawakili ndizo zilizokuwa kisu: zilikadiriwa kukaribia pauni milioni moja, mzigo mzito kwa lebo ndogo, nayo ikalazimika kupunguza rekodi mpya. Ted Perry hakuuona mwisho huo. Alikuwa amefariki mwezi Februari mwaka 2003, na uongozi ulikuwa mikononi mwa mwanawe, Simon Perry.

Wapo waliomlaumu Sawkins kuwa nusura aizike lebo iliyokuwa rafiki mkubwa wa muziki wa kale. Lawama hiyo haina msingi. Anayeusafisha mswada ndiye daraja. Bila yeye mwimbaji hana cha kuimba, mwenye lebo hana cha kuuza, na mtunzi wa karne ya 17 anabaki makaratasi yaliyoliwa na mchwa. Ukarimu wa lebo kwa watunzi waliosahauliwa haukuipa ruhusa ya kumpunja aliyewafufua.

Jambo hili haliko mbali na Kiswahili. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yasingetufikia kama yalivyo lau Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi asingeyakusanya na kuyaandika karne ya 19, akimsaidia mmishonari W. E. Taylor. Diwani ilipochapishwa Johannesburg mwaka 1940, jina la mhariri lililosimama mbele lilikuwa la William Hichens. Ilimpasa msomaji asubiri utafiti kama ule wa Mohamed H. Abdulaziz, uliochapishwa mwaka 1979, ndipo aelewe vyema deni alilonalo kwa Mwalimu Sikujua. Wanafunzi wangapi humkariri Muyaka mitihanini bila kulijua jina hilo? Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inatambua haki ya mwandishi kutajwa kwa kazi yake. Adabu ya kitaaluma haikupaswa kuisubiri sheria.

Hoja za Wanaopinga

Atakayeipinga hoja ya makala haya ana silaha nzito. Atasema kwamba Perry alianzia katika nchi tajiri. Uingereza ilikuwa na redio ya umma inayopiga muziki wa klasiki kutwa, maktaba za mitaa zinazonunua santuri, majarida ya wahakiki, makanisa yenye mwangwi mzuri, na waimbaji waliofunzwa tangu utotoni katika kwaya za makanisa na vyuo. Mbegu iliangukia udongo uliokwisha kulimwa. Je, Mombasa na Nairobi kuna udongo gani?

Hoja hiyo ni ya kweli na haipaswi kufichwa. Lebo haioti hewani. Hata hivyo, redio hiyo, maktaba hizo na makanisa hayo yalikuwako kwa ajili ya kila mtu, pamoja na kampuni kubwa zenye fedha tele. Hayakumleta Hildegard madukani mpaka alipotokea mtu wa kuamua. Mazingira hurahisisha uamuzi, hayauzai.

Isitoshe, historia ya Waswahili wenyewe inaikana kauli kwamba soko halipo. Mwaka 1928 kampuni ya Gramophone ya Uingereza, yenye nembo ya His Master's Voice, ilimpeleka Siti binti Saad na wenzake kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi taarab kwa Kiswahili. Santuri zile zilinunuliwa kwa wingi pwani na hata bara, kiasi cha kuwavuta washindani wa kampuni hiyo. Kabla ya santuri hizo kutoka, nani angeapa kuwa wanunuzi wapo? Baadaye Mombasa yenyewe ilikuwa na lebo yake ya Mzuri, iliyotokana na duka la Assanand. Na mwaka 1999, nyimbo za Zein l'Abdin, bingwa wa udi aliyeziimba tungo za washairi wa pwani, zilitolewa kwa CD na Dizim, lebo ndogo ya Ujerumani, kwa jina la The Swahili Song Book.

Mifano hiyo inaonyesha kwamba mara nyingi aliyeamua alikuwa mtu wa mbali. Wageni walisikia kitu, wakakithamini, wakakirekodi, na kanda mama zikabaki kwao. Hawastahili kulaumiwa kwa hilo. Wanaostahili kujihoji ni wale waliokaa karibu na kisima wakisema hakuna kiu.

Mauzo ya Mwaka 2023

Sehemu ya mwisho ya kisa cha Hyperion huwafurahisha wakosoaji wa lebo ndogo. Muziki ulipohamia kwenye huduma za intaneti ambako msikilizaji hulipa ada ndogo kwa mwezi na kusikiliza apendacho, Hyperion ilikataa kwa miaka mingi kuziweka rekodi zake humo. Ilihofia kwamba malipo madogo ya huduma hizo yangeua mauzo yaliyokuwa yakigharimia rekodi mpya. Mwezi Machi mwaka 2023 ilitangazwa kwamba lebo hiyo, yenye rekodi zaidi ya 2,000, imenunuliwa na Universal Music Group. Miezi michache baadaye rekodi zake zilianza kuwekwa kwenye huduma hizo. Universal ndiyo inayomiliki pia Deutsche Grammophon na Decca. Mashua iliyoogelea kwa miaka 43 kando ya meli kubwa ikafungwa ubavuni mwa meli hizohizo.

Je, mauzo hayo yanathibitisha kuwa Perry alikosea? Wenye kusema hivyo wanachanganya umri wa kampuni na uhai wa kazi. Uhuru wa lebo ya mtu mmoja hudumu kadiri ya pumzi za mtu huyo na za warithi wake. Ni jambo la kusikitisha, na wapenzi wengi wa Hyperion walilisikitikia kwa haki. Lakini kilichonunuliwa na Universal ni nini? Ni juzuu 37 za Schubert, CD 99 za Liszt, na sauti ya mtawa wa Bingen. Kampuni kubwa ililipa fedha kwa ajili ya vitu ambavyo kampuni kubwa za mwaka 1980 ziliona havina soko.

Hitimisho

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili mara nyingi hutumia mwaka mzima vikitafuta mfadhili wa mradi mkubwa, na mwaka ukiisha mfadhili hajapatikana na mradi haujaanza. Kisa cha Hyperion kinapendekeza njia nyingine. Achaguliwe mshairi mmoja aliyeachwa. Utafutwe mswada wake, usafishwe na mtu anayeujua, na jina la mtu huyo liandikwe mahali linapoonekana. Apatikane mghani mmoja mwenye sauti na ukumbi mmoja mtulivu. Beti zote zichapishwe katika kijitabu pamoja na ufafanuzi wa maneno magumu. Kisha ubavuni mwa jalada iandikwe nambari moja, ili kila atakayeishika ajue kuwa nambari mbili inakuja.

Kazi kama hiyo itaanza na wasikilizaji wachache. Pengine atakayeigharimia itambidi afanye kazi nyingine usiku, kama dereva yule wa London. Kauli ya kutokuwako kwa soko haitajibiwa kwa hotuba ukumbini; itajibiwa siku mtu asiyejulikana atakapoingia dukani na kuuliza iko wapi nambari mbili. Waswahili walikwisha kunena: mwanzo wa ngoma ni lele.